Kopo la Mvua na Mbuzi wa Jirani

Ukurasa mmoja wa kaunta buku letu, wa Aprili 2020, una mstari ulioandikwa kwa penseli na mtoto wa darasa la nne: "Mvua: haijulikani. Mbuzi wa mama jirani amekunywa."

Daftari hilo linakaa kwenye kabati la vyombo, chini ya vikombe vya wageni, na kila nikilifungua huanzia hapo. Lina vipimo vingi vya kopo letu la kupimia mvua, vingine vizuri, vingine vya ovyo, lakini huo ndio mstari ninaoupenda kuliko yote. Mtoto angeweza kubuni namba, na wala nisingejua. Hakubuni.

Shule zilifungwa Machi 17 mwaka ule kwa ajili ya korona, na madarasa ya chini hayakurudi hadi Juni 29. Ninao wawili. Majina yao nayaweka mbali na intaneti. Hapa nitawaita Kifunguamimba na Kitindamimba, kama bibi yao anavyowaita akiwa amekasirika. Mkubwa alikuwa na miaka kumi, mdogo sita. Mimi nina steshenari ndogo mjini, na shule zikifungwa steshenari nayo inalala. Baba yao alikuwa safarini na lori. Basi tukawa watu watatu ndani ya nyumba, huku mlimani Kirumba, Mwanza, mawe mbele, mawe nyuma, Ziwa Victoria chini yetu, na televisheni ilikuwa imeshatukinai kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Niseme kwanza kinachoniudhi, kisha niendelee. Elimu ya mazingira niliyoipata mimi shuleni ilikuwa sentensi moja: tunza mazingira yakutunze. Iliandikwa ukutani kwa rangi ya kijani, tuliiimba mstarini, tukaijibu kwenye mtihani. Nilijua kuchora mzunguko wa maji kwa mishale, mawingu yangu yalikuwa mazuri mno, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza mvua ya jana ilikuwa kiasi gani. Sikujua jina la mjusi aliyekuwa akiota jua dirishani pale pale darasani. Nimezaliwa nikiliona ziwa kila asubuhi, na bado nililijua kama swali la kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Kumwambia mtoto atunze kitu asichokifahamu ni sawa na kumtuma dukani bila kumwambia akanunue nini.

Kopo lenyewe lilitokana na ugomvi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi mkubwa akasema hii ni kubwa kuliko ya juzi. Mdogo akasema thubutu, ya juzi ndiyo kubwa, ilikuwa na radi. Wakanijia niamue. Sikuwa na cha kuamulia, nikawaambia wapime.

"Tupime na nini?"

Nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaikata pale inapoanza kubana kuelekea shingoni. Kipande cha juu nikakipindua na kukitumbukiza ndani ya kile cha chini, kikawa kama mpare wa kumiminia mafuta ya taa. Shingo hiyo iliyopinduliwa ina kazi: inazuia jua lisiyakaushe maji kabla hujayasoma. Kwa chini, chupa hizi zina mabonde na milima, ukianza kupima kutoka pale unajidanganya. Kwa hiyo tulitia kokoto, tukamimina maji mpaka yakafika mahali ambapo chupa imenyooka, tukachora mstari. Hapo ndipo sifuri. Juu ya mstari tukabandika kwa gundi rula ya plastiki iliyotoka kwenye mkebe wa hesabu, na chupa yote tukaisimika ndani ya ndoo ya mchanga ili upepo wa ziwani usiiangushe. Kila saa moja asubuhi wanasoma, wanaandika, wanamwaga hadi kwenye sifuri.

Siku ya tatu tu kopo likasoma milimita 61. Kifunguamimba alishangilia vile watu wa Mwanza walivyokuja kushangilia Pamba iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024. Mimi nikatilia shaka, maana usiku ule nililala vizuri, na mvua ya milimita 61 juu ya bati hailali na mtu. Tulipotazama tukaona: ndoo tuliiweka kando ya ukuta, chini kabisa ya ukingo wa bati. Kopo lilikuwa linapima paa letu. Tukalihamishia juu ya mwamba ule mkubwa ulio bapa nyuma ya jiko, ambako hakuna mti wala paa wa kuliingilia. Juu ya mwamba kuna nafasi. Kuna na mbuzi pia.

Lakini kosa lile la bati lilitupa somo ambalo sikulipanga. Mkubwa aliuliza, kama paa linatoa maji mengi hivyo, ni mengi kiasi gani? Hesabu yake ni rahisi kuliko inavyoonekana: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Tulipima nyumba kwa hatua, kisha kwa futi kamba ya fundi: mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20, ambayo huku masika ni mvua ya kawaida tu, inaangusha juu ya bati letu lita 960. Ni ndoo 48 za lita ishirini. Yeyote aliyekaa mlimani Mwanza anajua ndoo moja ya maji inalemea vipi kupanda nayo ngazi zile za mawe, na anajua vijana wanaoipandisha wanatoza kiasi gani bomba likikatika. Kifunguamimba akazidisha bei ya ndoo mara 48, akanitazama kama mkaguzi wa mahesabu.

"Mama, kumbe tunamwaga hela."

Gata nililifunga mwezi uliofuata, kwa mkopo, pamoja na pipa. Simtanki ilisubiri miaka miwili zaidi.

Swali lililotutoa nyumbani lilikuwa la mdogo. Tulikuwa tumekaa barazani mvua ikipita juu ya ziwa, ile unayoiona ikitembea kama pazia la kijivu kutoka upande wa Ukerewe, akauliza: "Na ile inayoangukia kule, nani anaipima?"

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipolazimika kusoma. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji yake mengi, kama asilimia 80, hayaletwi na mito. Ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Nayo haikai: sehemu kubwa jua linaivuta irudi juu, na mto unaoyatoa maji ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Kwa hiyo mvua ikizidi misimu miwili mfululizo, ziwa halina pa kukimbilia isipokuwa kupanda. Nikawaambia pia kwamba pamoja na upana wote huo, pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu, wakati Tanganyika inapita mita 1,400. Kitindamimba akafikiri kidogo.

"Basi letu ni sinia. Tanganyika ndiyo sufuria."

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Tulishuka hadi kwenye mwalo mdogo, mahali pa kufikia mitumbwi, ulio chini yetu, tukiwa na kopo la rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki kwenye milango. Sharti lilikuwa moja: hakuna kukanyaga maji. Mimi niliugua kichocho nikiwa darasa la pili na sikutaka historia ijirudie. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wa kingoni na kuingia mwilini kupitia ngozi, huhitaji hata kuogelea, kusimama tu kunatosha. Kwa hiyo kila kitu tulikifanya kutoka juu ya mwamba, mtu amelala kifudifudi, mwingine amemshika miguu. Tukachora mstari mweupe pale maji yalipolamba jiwe, na tarehe pembeni.

Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, alikuwa amekaa kivulini akishona nyavu, akatutazama kwa muda mrefu.

"Shikamoo babu," watoto wakasema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Hilo jiwe limekosa nini hata mnalipaka rangi?"

Wakamweleza, wote wawili kwa pamoja. Mzee akacheka, akaweka sindano ya nyavu chini, akaonyesha kwa kidevu upande wa maji. "Mnaona ule mtumbwi uliofungwa pale? Pale palikuwa na muhogo wa baba yangu. Mwaka wa Uhuru mimi nilikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi. Ikaja mvua, haikukata. Ziwa likaingia shambani. Wazee wakasema litarudi, tusubiri." Akaokota sindano yake. "Mpaka leo tunasubiri."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 ziliendelea kulijaza ziwa hadi 1964, likapanda zaidi ya mita mbili, na kwa miongo mingi iliyofuata halikurudi lilikokuwa. Vitabu vyangu vya shule vilikuwa na Uhuru wa Desemba 9, 1961, na vilikuwa na Ziwa Victoria, sura mbalimbali. Hakuna aliyeniambia kwamba vitu hivyo viwili vilikutana kwenye shamba la muhogo.

Mstari wetu wa kwanza ulizama kabla ya wiki mbili. Tukachora wa pili. Ukazama. Wenye vibanda pale mwaloni walihamisha mbao zao mara mbili, na ile sehemu ya mchanga ambapo akina mama huanika dagaa ikawa inapungua kila Jumamosi tukishuka. Mwezi Mei ikatangazwa kwamba ziwa limeipita rekodi ya 1964. Watoto walipoisikia redioni hawakushangaa. Walinitazama tu, kana kwamba redio ndiyo iliyochelewa. Mimi niliogopa. Wao walikuwa na mistari yao, na nadhani mtu mwenye mstari wake huogopa kwa namna tofauti, anaogopa kitu chenye urefu.

Sitaki mtu adhani kila tulichojaribu kilifaulu. Bustani ya magunia sitaieleza kwa kirefu: tulipanda mchicha, kuku wakala. Mboji ilinuka mpaka mama jirani, yule yule wa mbuzi, akaja kuuliza kwa adabu kama kuna kitu kimekufa. Hesabu ya ndege ilivunjika kwa sababu mdogo alimhesabu mwewe mmoja mara kumi na nne, kila alipozunguka.

Magugu maji yalitufaa zaidi. Babu wa mwaloni alituopolea mashina matatu, tukayaweka kwenye beseni barazani. Ni mmea mzuri wa sura, hilo lazima tukiri, ua lake la zambarau lingeuzwa mjini. Asili yake ni Amerika Kusini. Ziwani kwetu ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 ulifunga bandari na mialo hadi wakaletwa wadudu maalumu wa kuutafuna. Watoto walihesabu kila siku. Matatu yakawa manne, yakawa saba, na baada ya wiki tatu hivi beseni halikuonyesha maji tena. Ila ndani ya beseni tuliona pia viluwiluwi vya mbu, wengi, wakicheza. Somo la mimea likageuka ghafla kuwa somo la malaria, beseni likamwagwa juu ya mwamba, magugu yakakaushwa juani mpaka yakawa karatasi, ndipo tukayachoma. Hayo hayarudishwi kwenye mtaro, maana mtaro wetu unaishia ziwani.

Kazi iliyonifundisha mimi zaidi ya watoto ilitoka jikoni. Kuchambua dagaa. Ni kazi ambayo kila nyumba ya Kanda ya Ziwa inaifanya na kila mtoto anaikimbia: unamwaga dagaa kwenye ungo, unatoa mchanga, unatoa takataka, unapepeta. Siku moja, kwa kuwa wamechoka na mimi nimechoka, nikasema tusitupe kitu, tupange. Tukapata mafungu. Dagaa wenyewe, wembamba, wa rangi ya fedha. Uduvi wadogo waliokauka wakawa kama kucha. Kokoto. Uzi wa wavu wa bluu. Kizibo cha soda. Na samaki wengine wadogo, wanene kidogo, wenye mapezi ya miiba mgongoni, wasiofanana na dagaa hata kidogo.

"Hao furu," nikasema, kama nilivyokuwa nikisema siku zote, nikitaka kuwatupia paka.

Wangapi? Katika kisado kile walikuwa tisa. Kitindamimba aliwapanga kwenye sahani na kugundua kwamba hawafanani wao kwa wao: huyu kichwa kipana, yule mdomo umetokeza. Jioni nikasoma kwenye simu, nikajisikia mjinga mtu mzima. Takriban miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka. Lilipojaa tena, furu waligawanyika kuwa aina zaidi ya 500, kila mmoja na mdomo wa kazi yake: wa kukwangua miamba, wa kupasua konokono, wa kula mayai ya wenzake. Wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Majike hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Kisha katika miaka ya 1950 na 1960 akaletwa sangara, akakua, akawala. Wataalamu wanakadiria aina zipatazo 200 au zaidi zimepotea. Sangara amejenga nyumba nyingi Mwanza, na ada ya shule yangu mimi ilitoka kwa sangara, siwezi kumtukana. Lakini tangu jioni ile furu hawaendi kwa paka kabla hawajahesabiwa.

Dagaa ndio waliotupeleka kwenye mwezi. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba dagaa huvuliwa wakati wa giza. Wavuvi wanatoka na taa, zamani karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni za sola, wanawasha juu ya maji, dagaa wanaifuata nuru, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina maana, watu wanapumzika, wanashona nyavu. Hilo nililijua kama unavyojua njia ya kwenda sokoni. Sikuwahi kulitazama. Usiku wa giza tulipanda kwenye mwamba wa nyuma, tumejifunika shuka moja, na mbele yetu juu ya ziwa kulikuwa na mji mwingine, taa kwa mamia, zinaelea. Tulijaribu kuzihesabu. Mkubwa alipata 143, mdogo 98, mimi niliishia 120 nikasinzia. Mabishano hayo hayajaisha.

Tulikuwa na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi imetundikwa jikoni. Mkubwa akaanza kuandika humo bei ya kisado kila nilipotoka soko la samaki la Mwaloni, na kuchora mwezi ulivyoonekana. Mdogo, kwa kuwa hakutaka kupitwa na hajui kuandika vizuri, akaomba na yeye kitu cha kuweka alama. Nikampa wadudu.

Mtu wa mbali huenda asijue wadudu ninaowasema. Kuna asubuhi unaamka unaona nguzo za moshi mweusi zinapanda kutoka katikati ya ziwa, utadhani maji yanaungua. Si moshi. Ni vijidudu vidogo visivyouma, mamilioni kwa mamilioni, vimetoka kwenye tope la chini ziwani vikiwa na mabawa kwa mara ya kwanza. Upepo ukivielekeza mjini, jioni hiyo funga madirisha, funika chai, na usicheke mdomo wazi. Asubuhi unavifagia kwa kizoleo kama majani. Kitindamimba akawa anachora nukta: nukta moja, wachache, tatu, wengi, nukta mpaka kalamu ikatoboa karatasi, ile siku tuliyokula gizani.

Mwezi Juni, kabla shule hazijafunguliwa, alikuwa amekaa chini ya kalenda akila muhogo. Akasema, bila hata kugeuka:

"Mama, hawa wadudu hawapendi mwezi."

Nilitazama. Nukta nyingi zilikuwa karibu na vile vimwezi vyembamba vya mkubwa, au siku chache baada ya giza kamili. Kuna kundi moja lililokataa kufuata utaratibu, la katikati ya Mei, na sikumwambia alifute. Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wa wadudu wameliandika jambo hili tangu miaka ya 1950: baadhi ya jamii za vijidudu hivyo hutoka majini kwa kufuata mwezi, hasa siku zinazofuata mwezi mwandamo. Sikumwambia hilo pia, si siku ile. Nilimwacha na ugunduzi wake na muhogo wake.

Yanayobaki ni ya mawe, na hayo yalikuwa mlangoni muda wote. Juu ya mwamba wetu anaishi mjusi dume ambaye kichwa na mabega ni ya rangi ya waridi inayokaribia wekundu, na mwili uliobaki ni bluu. Wageni wanaokuja Mwanza humpiga picha, sisi tulimpita. Watoto walimwita Bwana Harusi, maana majike wake wawili ni wa kahawia na wanamtazama tu akipiga pushapu. Anapiga hasa dume mwingine akitokea; Kifunguamimba alihesabu 22 bila kupumzika. Kisha kuna michirizi myeupe iliyoshuka kwenye jiwe la juu, ambayo mimi miaka yote nilidhani ni chokaa ya mafundi. Ni mkojo wa pimbi. Wanakojoa mahali pale pale kizazi hadi kizazi, unakauka, unaacha chumvi. Na huyo pimbi, mnyama wa ukubwa wa sungura anayetuchungulia asubuhi, ndugu zake wa karibu wa damu ni tembo na nguva. Kitindamimba hakuamini hadi leo na simlaumu.

Mawe yenyewe ni matale yaliyopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Yalipasukia huko huko chini, udongo ukaondoka polepole na mvua, ndiyo maana unaona jiwe kubwa kama basi limekaa juu ya jingine utadhani kuna mtu alilipandisha. Gonga mwamba kwa kokoto: mahali pengine unalia pwaa, pengine unalia kama debe tupu. Penye debe ndipo ganda limeachana na mwili, linasubiri kubanduka kama kitunguu. Tulitembea mwamba mzima tukigonga na kuweka chaki. Mama jirani alifikiri tunatafuta dhahabu.

Mwaka uliofuata niliwapeleka Saanane, kisiwa kile kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Nilijibana, nikalipa viingilio na boti. Simba waliwafurahisha. Tulipofika kwenye miamba mwongozaji akasimama, akanyoosha mkono kwa heshima, akatuonyesha pimbi.

"Mama," mkubwa akaninong'oneza, "tumelipa kuwaona hawa?"

Juni 5, 2020, Siku ya Mazingira Duniani, mwaka ule hapakuwa na gwaride wala hotuba. Watoto wakaamua kufanya yao barazani. Walitandika mkeka, wakapanga kaunta buku, kalenda, sahani ya furu waliokauka, manyoya, ganda la jiwe, na kopo lenyewe katikati kama kombe. Walialika watu wawili: babu wa mwaloni na mama jirani. Nilikaanga mihogo. Babu alifungua daftari, akasogeza macho mbali, akasoma vipimo vya jiwe lake mstari kwa mstari, akasahihisha tarehe moja; siku hiyo, alisema, ilikuwa Ijumaa kwa sababu alikuwa msikitini, si Alhamisi. Tukaangalia. Ilikuwa Ijumaa. Mama jirani yeye alifika kwenye ukurasa wa mbuzi. Alisoma kimya, kisha kwa sauti, kisha akacheka hadi akashika ubavu, akaahidi kumfunga. Alimfunga siku tatu.

Mwaka 2024 ulipofika, Kifunguamimba alikuwa ameingia kidato cha kwanza, bweni, mbali na ziwa. Kitindamimba ndiye sasa aliyekuwa darasa la nne na ndiye aliyekuwa na kopo. Masika ile ziwa lilipanda tena, likaipita hata rekodi ya 2020. Mistari yetu yote ilikuwa chini ya maji, pamoja na ule wa juu kabisa ambao babu alituambia tunapoteza rangi kuuchora.

Jumapili moja ya Mei simu ikaita kwa namba ya matroni. Salamu zilikuwa fupi, dakika zake zinahesabiwa.

"Mama, kopo linasoma ngapi?"

Nilikuwa sijapanda kwenye mwamba siku nne. Steshenari ilikuwa na kazi. "Kumi na saba," nikajibu.

Kitindamimba alikuwa mlangoni, ameshika ndoo. Akaja, akaichukua simu mkononi mwangu bila kuomba.

"Usiandike," akamwambia mwenzake. "Haijulikani. Mbuzi."